Watoto wa Kanisa Hawaibi

Walipozima motopompe, ndipo nilijua kwamba wamemuacha mwanangu ndani.

Ilikuwa inalia tangu asubuhi, inavuta maji mekundu kutoka shimoni na kuyatapika kwenye mutaro, na kila mutu pale Salamabila alikuwa anapiga kelele ili asikike juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa chini, juu ya gunia la muchanga, nimeishikilia ile kelele. Motopompe ikilia, watu wanafanya kazi. Watu wakifanya kazi, mutoto bado anatafutwa. Kisha mwanaume mumoja akainama, akafanya kitu kidogo tu kwa vidole, ikakohoa, ikanyamaza. Nikasikia jogoo. Nikasikia mwanamuke anacheka mbali kule kwenye vibanda vya chakula.

Nikauliza: "Munazima juu ya nini?"

Yule wa motopompe hakuniangalia. "Mama, maji inarudi mbio kuliko tunavyoitoa. Na udongo iko inaanguka tu. Tutaua wengine."

"Na yule iko ndani?"

"Uliza mwenye shimo, mama. Mimi natumwa tu."

Mwenye shimo alikuwa amesimama hapo karibu, na kofia yake, simu mukononi. Huku machimboni mwenye shimo anaitwa PDG, hata kama hajawahi kukalia kiti cha ofisi. Huyo PDG alikuwa shemasi wa kanisa letu la Kabambare. Na ni yeye huyohuyo ambaye kanisa lilimupa mwanangu amulee. Nikamwendea. Nikamuuliza neno moja, na mupaka leo ninauliza hilohilo, sina lingine:

"Nani alimuambia ashuke?"

Akaniangalia kwa huruma, ninasema kweli, kwa huruma kabisa. Akavua kofia. Akasema: "Mama, tuombe."

Na akafumba macho.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na sita. Sasa nieleze tulifikaje kwenye shimo lile, maana kuna watu wanapita wakisema Mungu alimupenda zaidi. Hapana. Walikuwa ni watu. Sitataja majina yao hapa, maana wanajijua, na pale Kabambare hata mbuzi wanawajua. Lakini nitataja kazi ya kila mumoja.

Sisi ni watu wa shamba, mihogo na mupunga, nje kidogo ya Kabambare. Mimi nilisoma mupaka darasa la nne, kisha kalamu ikaisha. Mume wangu alichukuliwa na watu wa pori wenye bunduki siku walipopita kijijini; walimupa muzigo kichwani, wakamuambia tembea. Akatembea. Hakurudi, wala hakuna mutu aliyerudi kusema alianguka wapi. Mimi nilijificha kwenye shimo la kulowekea mihogo, na mutoto wa kiume mugongoni, wa kike tumboni, harufu ya mihogo iliyooza ikatuficha. Tukapona. Watu wananiita muponyaji wa vita, yaani yule aliyepona. Wanadhani kupona ni zawadi.

Mutoto wa kiume akakua. Sauti ikavunjika, miguu ikawa mirefu, chakula kikawa hakimutoshi. Nikimuita ananijibu kwa mabega. Na muzazi wa Kabambare mwenye kijana wa umri ule ana hofu mbili, hana haja ya kutafuta ya tatu. Hofu ya kwanza ni pori: vijana wanamushawishi, anaenda kuvaa hirizi na kubeba silaha. Hofu ya pili ni machimbo: anasikia kwamba fulani alirudi kutoka Salamabila na pikipiki, naye anatoroka alfajiri. Tulikuwa tunalala tukisikiliza mulango.

Ndipo akatumwa kwetu muchungaji mupya. Alikuwa amefundishwa Kasongo, na alikuja na kitu ambacho hatujawahi kukisikia: ulezi wa vijana. Alikieleza vizuri, nisimunyime haki yake. Alisema kijana ana masikio mawili, moja linamusikia muzazi na lingine linamusikia mutu wa nje. Kanisa na muzazi wakisema neno moja, masikio yote mawili yanajaa. Kwa hiyo kila kijana atapata mulezi, Mukristo mukubwa mwenye kazi yake, wa kumushauri na kumufunza. Muzazi, mulezi na kijana watakuwa wanakaa pamoja.

Mukutano wa kwanza ulikuwa siku ya Yesu, ndiyo Jumapili, kiisha ibada. Tulikaa kwenye vitanda vya miti ambavyo ndivyo viti vyetu, wazazi upande huu, vijana upande ule, wote tunatazamana kama watu wa kesi. Baba mumoja mufuma nyavu akasimama:

"Muchungaji, huyu wangu mumukamate muzima muzima. Mumupeleke mupaka mbinguni. Mimi muniachie tu ile ugali anakula."

Tukacheka. Kijana wake akasema kutoka kule nyuma: "Papa, hata hiyo ugali ni mama analima."

Tukacheka zaidi, baba mutu akakaa. Hakuna mutu alimupiga yule kijana. Siku nyingine zote angepigwa. Hapo nikasema moyoni: kitu hiki ni kizuri.

Na kilikuwa kizuri, kwa muda. Tulifunzwa kukaa na mutoto bila kumupigia kelele. Siku moja muchungaji alitaka kila kijana amuambie muzazi wake kitu anachokiogopa. Wangu, yule wa kujibu kwa mabega, alisimama akasema: "Naogopa mama asife mbele sijamujengea nyumba." Nikamuambia akae chini, anatia watu haya. Nilisema vile kusudi nisilie mbele ya wanawake wale.

Walifunzwa pia kutoiba. Somo hilo lilirudiwa sana, na sisi nyumbani tukalirudia, ndivyo tulivyoagizwa: neno la kanisani liwe neno la jikoni. Mwanangu akaokota simu kwenye njia ya soko. Akatembea nayo soko zima akiuliza ni ya nani, akaenda na siku ya pili, vijana wenzake wakimuita mujinga, wakimuambia hata mwizi wa kweli asingehangaika vile. Mwenye simu akapatikana. Muchungaji akamusimamisha mbele, akasema mutoto huyu ni tunda la wazazi na kanisa. Mimi nilipewa makofi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi arusi.

Yule shemasi mwenye shimo alikuwepo siku ile. Alipiga makofi na yeye. Aliangalia mwanangu muda murefu.

Kisha ikaja siku ya kukabizi. Hapa ndipo munisikilize, maana yote yanasimama juu ya neno hili.

Kwetu, kukabizi mutoto si mambo ya kanisa. Ni mambo ya wazee. Mutoto akishindikana, ao baba akifa, unamupeleka kwa mujomba wake, unamushika mukono, unauweka katika mukono wa mujomba, unasema: ninamukabizi. Mujomba anasema: ninamupokea. Tangu hapo huulizi. Hutumi mutu kuchungulia kama amekula, kama amelala, kama amepigwa. Ukiuliza, umemutukana mujomba. Umesema yeye ni muchoyo, ni mubaya, hatoshi kulea. Kuna ndugu walioacha kusalimiana mupaka kufa kwa sababu mama aliuliza tu: mutoto wangu amekonda kwa nini?

Muchungaji alilichukua neno hilo na desturi yake yote, akaliingiza kanisani. Alitaka kitu ambacho watu watakiheshimu. Tukapanga mustari. Kila muzazi akashika mukono wa mutoto, akauweka mukononi mwa mulezi, akasema, mulezi akajibu, kwaya ikaimba. Mwanangu akaangukia kwa shemasi. Mutu mwenye nyumba ya matofali Kabambare na shimo Salamabila. Mutu aliyeleta mabati ya kanisa. Kabla yake tulikuwa tunasali chini ya nyasi. Sasa mvua ikinyesha husikii mahubiri, na siku hizi ninasema heri.

Mama kiongozi wa komite ya wazazi, rafiki yangu wa kuchota naye maji, akanipiga bega: "Weye umeangukia ndani ya mawese! Yatima wako amepata baba mwenye mabati. Wangu mimi wamemupa fundi baiskeli, atamufunza kupuliza magurudumu."

Nilifurahi. Kwa nini nisifurahi?

Likizo ya kwanza ikafika. Tukaambiwa walezi wanawapeleka vijana kwenye semina ya vijana kule Salamabila, wasali, wafunzwe na kazi. Alipanda pikipiki na wenzake, wanaimba. Akarudi amekonda. Viganja vimechubuka, ngozi inatoka kama ya muhogo uliopikwa. Udongo mwekundu ulikuwa ndani ya masikio yake, niliutoa kwa kijiti.

Nikamuuliza: "Hiyo ni semina gani ya kuchuna watu mikono?"

"Tulisaidia kazi ya kanisa, mama."

"Kazi gani?"

Akaangalia chini. "Mulezi alisema mambo ya ulezi yanabaki kwa ulezi."

Sikunyamaza. Wanaosema leo kwamba nilinyamaza ni waongo, na ninataka iandikwe hivyo. Nilienda kwa yule mama wa komite nyumbani kwake, nikamukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamueleza mikono ya mutoto. Hakuacha kutwanga.

"Ulimukabizi ao hukumukabizi?"

"Nilimukabizi. Lakini mikono..."

"Lakini, lakini! Mutoto wa kiume mikono laini ni ya kufanya nini, ya kusuka nywele? Shemasi akisikia umekuja kuuliza, atasema nini? Atasema unamuita muchawi." Akainua kichwa akacheka. "Kama umechoka na PDG, tubadilishane. Nipe, nikupe fundi baiskeli."

Nikaenda kwa muchungaji. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikasema: muchungaji, nataka kujua mutoto wangu alifanya kazi gani kule. Akaweka vidole pamoja, akaniuliza:

"Mama, siku ile ulikabizi nusu, ao ulikabizi yote?"

Mutu anajibu nini hapo? Nikasema: yote.

"Basi," akasema.

Likizo ya pili ilikuja na mvua. Mwanangu hakuimba alipopanda pikipiki. Alinipa viatu vyake vya kanisa niviweke, akasema kule vitaharibika. Nikamuambia: ukichoka, sema umechoka, rudi. Akasema: ndiyo mama. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mutoto aliyekabiziwa hasemi amechoka.

Nilikuwa ninamenya mihogo mwenye pikipiki alipokuja. Hakuzima pikipiki. Alisema tu: "Mama, panda." Nikapanda na kisu mukononi, mupaka akaniambia nikitupe. Njia ile munaijua: matope mupaka magotini, pikipiki inasukumwa kuliko inavyoendeshwa. Kila tulipoanguka nilimuuliza: mutoto yuko muzima? Kila mara alijibu: tunafika, mama.

Na yaliyofuata pale shimoni nimeshayasema.

Motopompe ilipozimwa na shemasi akamaliza kuomba, watu waliondoka mumoja mumoja. Mimi nilibaki juu ya gunia lile. Ndipo akaja mwanamuke mumoja anayepikia wachimbaji, akaniletea uji kwenye kopo. Alikaa karibu yangu. Hakunijua, mimi sikumujua. Alisema bila kuulizwa, kama mutu aliyekuwa amebeba muzigo, anatafuta pa kuutua.

"Kumbe watoto wa kanisa wana mama," akasema. "Hapa tunawaita hivyo, watoto wa kanisa. Tunawapenda. Wakila wanalipa, wakikuta kijiko chini wanarudisha."

"Wanafanya nini hapa?"

"Wanashuka, mama. Si munajua? Mutu mukubwa ukimushusha, akiona zahabu anaficha. Anaweka mudomoni, kwa nywele, anameza. PDG wote wanalia. Lakini huyu wenu anawacheka wenzake. Anasema: ninyi mutazeeka mukipekua watu, mimi watoto wangu wanapanda na kila punje, wananitilia mukononi. Watoto wa kanisa hawaibi."

Nilishika lile kopo.

"Na mabega yao iko madogo," akaendelea. "Wanaingia pale wakubwa hawaingii. Muchungaji wenu alikuja kubariki shimo. Alisimama pale pale, na mafuta kwa chupa. Sisi tukasema, basi ninyi wazazi munajua."

Sasa munaelewa. Nataka muelewe kabisa, musiseme ni ajali ya udongo. Mutoto wangu hakuuawa kwa ubaya wake. Aliuawa kwa ule uzuri tuliomufunza, mimi jikoni na wao kanisani. Kama angekuwa mwizi, shemasi asingemutaka, na leo ningekuwa na mwizi wangu nyumbani, anakula ugali, ananijibu kwa mabega. Wale wa pori walipomuchukua mume wangu, walikuja na bunduki na hawakutudanganya. Hawa walikuja na kwaya.

Tukarudi Kabambare kufanya kilio bila maiti. Wazee wa upande wa baba yake wakasema tuzike mugomba, ndivyo inavyofanywa mutu asipoonekana: unakata mugomba urefu wa mutu, unaufunika nguo yake, unauzika, kilio kinaondoka, watu wanaenda mashambani. Nilikataa. Kwetu kilio hakiondoki hivihivi. Kwanza yule aliyekuwa na marehemu anasimama mbele ya watu wa mama, anasema: alikuwa kwangu, alikuwa anafanya hivi, hivi ndivyo kifo kilivyomufikia. Hata kama ni aibu, anasema. Hata kama atapigwa, anasema. Asiposema, mutu huyo amezikwa na mudomo wazi.

Shemasi hakuja kusimama. Alituma muchele na mbuzi. Ndugu za baba yake wakachinja ile mbuzi. Mimi sikuila.

Alikuja muchungaji. Akahubiri juu ya utii, akasema kijana huyu alitii mupaka mwisho. Nikasimama katikati ya mahubiri. Mama wa komite akanivuta kikwembe changu cha kiunoni nikae, nikamunyang'anya. Nikauliza neno langu: nani alimuambia ashuke?

Muchungaji akashusha sauti, ile sauti ya kuongea na mugonjwa. "Mama yetu. Mbele ya kanisa yote, ulimukabizi."

Na watu wakaitika: "Amina." Wengine kwa mazoea tu, hata hawakusikia wameitikia nini. Lakini waliitika.

Nikasema: "Ndiyo. Nilimukabizi. Na yeye alisema ninamupokea, munyoshe vidole kama sisemi kweli. Mukichukua desturi ya wazee, muichukue na mukia wake. Aliyekabizi haulizi mutoto akiwa muzima. Mutoto akifa, aliyepokea ndiye anajibu. Yuko wapi?"

Ndugu mumoja wa baba yake akasema, mudomo unang'aa mafuta ya mbuzi: "Shemeji, kaa chini, umechoka."

Ningebaki palepale ningali ninauliza. Lakini siku chache kiisha, mama wa komite alikuja na ndizi, akakaa, akamuangalia binti yangu anavyofagia. Akasema kwa upole: "Na huyu naye amefikia umri wa ulezi. Atakufariji." Hakukuwa na mashimo ya wasichana, akaniambia, wasichana wanapika tu kule. Sikungoja kusikia zaidi. Nilifunga nguo, tukaja Kasongo kwa miguu na kwa kubebwa na baiskeli za watu.

Hapa Kasongo tunakaa kwenye uwanja wa nyumba ya muzee mumoja Mwislamu, mufanyabiashara wa chumvi na sabuni. Siku nilipomueleza kwa nini ninaenda kukaa kwenye benchi la kanisa kubwa kila juma, alisikiliza mupaka mwisho, kisha akasema:

"Bibi, sisi hapa mutu akiazima mbuzi, ikafia kwake, anakuletea ngozi. Anasema: mbuzi yako ilikufa, ngozi hii hapa, na ilikufa hivi. Weye hujaletewa ngozi."

"Sijaletewa, muzee."

"Basi wasikwambie dini. Kadai ngozi."

Kwenye kanisa kubwa kuna mama anayesimamia mambo ya vijana kwa upande wote wa huku. Ni mutu muzuri, hilo silifichi. Alinisomea masomo yale ambayo muchungaji wetu alifunzwa mbele ya kutumwa Kabambare. Alisoma polepole na mimi nilisikia kila neno. Yanasema muzazi na kanisa wanalea pamoja. Yanasema muzazi ajue mutoto yuko wapi, na nani, anafanya nini. Yanasema muzazi aulize, na mulezi ambaye hataki kuulizwa aondolewe.

Nikamuambia: soma tena pale pa kukabizi.

Akageuza, akatafuta. "Mama, neno hilo haliko humu."

Haliko. Muchungaji alilitia mwenyewe. Alikuta kwetu desturi inayofunga mudomo wa muzazi, akaona inamufaa, akaitumia. Yule mama wa vijana alitoa kitambaa, akalia. Mimi nilimuangalia tu. Kilio chake ni chake.

Tangu hapo nimeambiwa: tutachunguza. Kisha: tumewaandikia, njia ni mubaya. Kisha: muchungaji anasema udongo ulianguka, na udongo ni wa Mungu. Mara ya mwisho mukubwa wao, mwenye kanisa zote za huku, alitoka mwenyewe mupaka kwenye benchi, akanishika mukono, akasema:

"Mama, ukisamehe utapona."

Nikamujibu: "Baba, mimi nilishapona. Nilipona vita, nilipona njaa, ninapona kila asubuhi. Nimechoka kupona. Nataka kujibiwa."

Akauachia mukono wangu.

Sasa likizo inakaribia tena. Watu wanaotoka Kabambare wananiambia shimo lile limehamishwa hatua chache tu, na vijana wanatajwa kanisani, na wazazi wanapiga makofi. Yule mufuma nyavu, kijana wake naye yumo. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi mambo haya, mimi ambaye kuandika kunaniuma vidole.

Weye shemasi, weye ulisema ninamupokea. Kwaya ilikusikia. Muchele wako sikuuomba. Njoo usimame mbele ya watu wa mama yake, useme ni weye ulimufunga kamba kiunoni, ao ulimutuma nani amufunge. Useme alikwambia nini mbele ya kushuka, maana alisema kitu, ninamujua mutoto wangu, hakushuka kimya.

Weye muchungaji, ulibariki shimo kwa mafuta ukijua ni nani watashuka. Useme ulijua. Halafu useme neno la kukabizi ulilitoa wapi, na nani alikutuma kuliweka katika vinywa vyetu.

Weye mama wa komite, useme watoto wangapi uliwanyamazishia mama zao.

Na weye mukubwa uliye hapa Kasongo, usiniletee karatasi, wala usiniletee neno la samehe. Panda pikipiki, nenda Kabambare kabla likizo haijafunguliwa. Ukusanye wazazi walewale, ukalishe watoto wao pembeni yao, umusimamishe shemasi na muchungaji mbele, na uwaulize kwa sauti ambayo mabati hayataifunika. Mimi nitakuja. Nitasimama mulangoni, na hakuna kijana atakayepanda pikipiki kwenda popote mupaka mumoja wao ajibu.